Singo ya Shangazi na Chunusi Zangu

Juzi alikuja kwangu binti mmoja amejitanda leso mpaka juu ya pua, amebakisha macho mawili tu ya kuonea njia. Nilijua shida yake kabla hajakaa mkekani. Sikumwuliza kitu. Nilimtilia kahawa nikamwambia afungue leso, maana kahawa hainyweki kupitia nguo. Alipofungua nikacheka, naye akaudhika, na ilikuwa haki yake. Ikabidi nimweleze kwamba sikumcheka yeye. Niliucheka uso wangu wa zamani, ambao nilikuwa sijauona miaka kumi na kitu, na sasa umekuja kukaa mbele yangu unakunywa kahawa.

Nikamsimulia habari zangu tangu mwanzo. Alipoinuka kwenda zake aliniuliza kwa nini siziandiki, kwani ana wadogo zake wawili nao wameanza kujitanda. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifundishwa herufi zikaniingia, na wino upo, basi nimeandika. Asinisome mtu kwa kutafuta elimu ya tabibu. Sijui chunusi zinatoka wapi wala kwa nini humchagua huyu zikamwacha yule. Ninachojua ni jinsi zilivyonikalia usoni miaka mitatu, vitu nilivyojipaka, na mambo yaliyotokea nyumbani kwetu kwa sababu yao.

Kau ni mji mdogo, mto uko mbele na mashamba ya mpunga nyuma, na habari ya mtu hufika sokoni kabla yake. Nyumba yetu ilijulikana kwa harufu. Mama yangu alifariki nikiwa sijajua kutembea. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, siku zote yuko ndani ya mtumbwi huko juu mtoni, kwa hiyo nililelewa na dada yake, shangazi yangu Bi Tuma. Shangazi alikuwa msingaji. Bibi arusi wa kwetu akishawekwa ndani husingwa, yaani hupakwa manukato mwili mzima, siku saba kabla ya kutolewa, na singo ya kumsingia ilitoka mikononi mwa shangazi: liwa, ule mti wa harufu, iliyosagwa, karafuu, mawaridi makavu, mrehani, manjano kidogo, vyote vimekandwa kwa mafuta ya nazi na ya ufuta yaliyokaa mtungini mpaka yakashika harufu. Aliitwa Kau, aliitwa Kipini, mara mbili alitumiwa watu kutoka Witu. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuibishia: singo ya nyumba yetu haioshwi, hunywewa na mwili. Ukipakwa, umepakwa.

Yeye hakujaliwa mtoto. Tangu nina miaka saba nilikuwa nikisaga liwa pamoja naye, jiwe langu dogo kando ya jiwe lake kubwa, na mji mzima ulijua kwamba mimi ndiye nitakayeurithi mkono wake. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyotaka mume. Nilipenda chumba cha bibi arusi, nyimbo zake, wanawake wakitaniana, na jinsi msichana mwenye woga anavyolegea kidogo kidogo chini ya mikono ya shangazi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kinachoweza kunifungia mlango wa chumba hicho, seuze uso wangu mwenyewe.

Chunusi zilianza mwaka ule mto ulipofurika ukaingia mpaka mabandani, nami nina miaka kumi na mitano. Zilikuwa mbili, kwenye paji la uso. Shangazi alisema ni wageni wa ujana, watakula na kuondoka. Wageni wale walituma salamu kwao. Mpunga ulipoanza kuiva zilikuwa zimeenea mashavuni, kidevuni na mgongoni, nyingine ndogo zenye vichwa vyeupe, nyingine kubwa ngumu zisizo na kichwa, zinazopwita kwa ndani mpaka unasikia mapigo ya moyo wako shavuni. Sikuweza kulalia upande wowote. Moja ikikauka ilimwachia mwenzake mahali, na yenyewe ikabaki doa jeusi. Mto wangu wa kulalia ulikuwa na madoa ambayo niliyafua mwenyewe ili shangazi asiyaone.

Aliyaona, bila shaka. Alikuwa haoni haja ya kuhangaika, kwani dawa ilikuwa imejaa ndani ya nyumba. Kila siku baada ya swala ya isha alinikalisha mbele yake akanipaka singo uso mzima, nikalala nayo mpaka alfajiri. Chunusi zilipozidi, alizidisha singo. Alisema dawa ya moto ni moto. Nami nilimwamini kabisa, kwani nilikuwa nimeona kwa macho yangu mabibi arusi wangapi wakitoka mikononi mwake wanang'aa.

Siku niliyoelewa kwamba jambo hili si mchezo ilikuwa siku ya harusi ya nyumba moja karibu na msikiti. Tulifika na vikapu vyetu, shangazi mbele, mimi nyuma. Mama wa bibi arusi alinitazama mlangoni, akanitazama tena, kisha akamwambia shangazi kwa sauti ya kistaarabu kabisa kwamba singo karibu, Bi Tuma karibu, lakini mwenye uso ule asimguse mwanawe. Watu wa kwetu wanaamini chunusi huhamia kwa mkono. Nilibaki nimekaa dakani, penye kibaraza cha mlango, na vikapu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikisikiliza nyimbo kupitia ukutani. Nilizijua zote, nikaziimba kwa midomo bila sauti. Mwanamke mmoja aliyepita akamwambia mwenzake, akidhani sisikii, kwamba mganga hajigangi.

Tangu siku ile daka likawa mahali pangu. Kila harusi, shangazi huingia, mimi hukaa nje na vikapu. Naweza kukueleza mpaka leo nyumba ipi ya Kau ina daka lenye upepo na ipi ina daka lenye siafu. Shangazi hakulizungumza jambo lile hata mara moja, lakini niliona anavyonipaka kwa nguvu zaidi, kama mtu anayesugua sufuria. Aliona aibu kwa ajili yangu, nami niliona aibu kwa ajili yake. Singo yake ilikuwa inasemwa vibaya kwa sababu ya uso wangu, na usipopona hakuna atakayeniruhusu kuurithi mkono ule, atakufa nao.

Basi nikaanza kutafuta. Msimu wa kwanza ulikuwa wa samli. Wanawake wa Orma walikuwa wakileta samli kutoka malishoni kwao upande wa Minjila, na nyuso zao ni laini, wenye macho wanaona. Nilijipaka samli juu ya singo. Nzi wakanipenda sana. Chunusi nazo zilistawi. Baada ya hapo mwalimu wangu wa chuoni aliniandikia kombe, aya zilizoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Nililinywa siku saba, na nitasema kweli, moyo wangu ulitulia na nikalala vizuri, na hiyo si neema ndogo. Uso ulibaki ulivyo.

Kisha nikageukia duka la Kanji. Kanji alikuwa Mhindi mwenye duka karibu na bandari ya mitumbwi, anauza kila kitu kuanzia ndoana mpaka marashi. Msichana hawezi kuingia dukani na wanaume wamejaa, kwa hiyo nilikuwa nikikaa barazani pembeni, juu ya gunia la chumvi, nikingoja wamalize habari zao. Wanaume wa Kau hawamalizi habari. Nilimngoja mmoja aliyekuja kununua uzi akakaa mpaka alasiri. Hatimaye nilipata nafasi, nikamwambia Kanji nataka dawa ya uso, iliyo nzuri kupita zote. Alinitolea vitu vitatu: shabu ya kusugulia, sabuni nyekundu yenye harufu kali, na kikopo cha mafuta kutoka Bombay chenye picha ya mwanamke mweupe wa shavu kama tunda. Nilitazama ile picha, nikanunua vyote.

Nikavitumia vyote kwa siku moja. Asubuhi shabu, mchana sabuni, jioni kikopo, na usiku singo ya shangazi juu yake, kwani hiyo haikosekani. Siku ya nne ngozi ya mashavu ikaanza kubambuka kama gamba la kitunguu, na chini yake pamewaka moto. Nilishindwa kucheka, nilishindwa kutafuna, hata machozi yaliniunguza yakipita. Baba alirudi kutoka mtoni siku ileile. Alisimama mlangoni, akanitazama, akaniuliza kama Mwanahamisi yupo nyumbani. Mwanahamisi ni mimi.

Alipogundua amesema nini alikaa chini. Nilimpenda sana baba siku ile kwa sababu hakujaribu kuniambia kwamba sionekani vibaya. Alimwambia dada yake kwamba safari ijayo atanichukua mpaka Idsowe, mpunga umeiva, na huko hakuna anayenijua. Shangazi alitaka kunifungia singo ya njiani. Katika haraka ya kupakia mtumbwi kikapu chake kikasahauliwa dakani. Naapa sikukiacha kwa makusudi.

Tulipanda mto siku kadhaa, wapiga upondo wakisukuma mtumbwi na kuimba, viboko wakitupumulia, na mbu wakinidunga mahali palipobaki. Idsowe tulifikia kwa rafiki wa baba, Mpokomo mwenye mashamba ukingoni mwa mto, na mkewe aliitwa mama Komora. Mwanamke yule hakuona uso wangu, aliona mikono miwili isiyo na kazi. Kesho yake nilikuwa juu ya dungu katikati ya mpunga, nawinga ndege kwa kamba na makelele. Nilipiga kelele wiki tatu. Siku nzima upepo unanipiga usoni, jioni tunaoga pale mtoni palipozungushiwa miti kuzuia mamba, tunajifuta kwa kitambaa, tunakula wali na samaki, tunalala. Kioo hakikuwepo. Siku ya kumi na kitu nililala kwa shavu, nikaamka asubuhi nikashangaa kwamba nimelala kwa shavu.

Niligusa uso wote kwa vidole. Zile kubwa ngumu zilikuwa zimelala. Zilizobaki zilikuwa chache na baridi. Nilimkimbilia mama Komora nikamwambia maji ya Idsowe ni dawa. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kubadilishana mpunga na nguo, lakini kilimtosha.

"Maji hapana dawa," akasema. "Mimi naoga hii maji toka mtoto. Angalia sura yangu." Nayo ilikuwa na madoa yake. Kisha akaniuliza, "Kule kwenu unapaka nini?"

Nikamweleza singo kwa fahari yote, viungo vyake, mafuta yake, jinsi inavyolala mwilini usiku kucha. Alisikiliza huku anapeta mchele. Akaguna tu akaendelea kupeta, nami nikaona kwamba masikini hajui mambo ya pwani. Nilijaza mtungi mzima wa maji ya Idsowe nikaupakia mtumbwini. Niliteremka juu ya maji yale yale ya mto ule ule siku kadhaa, nimekumbatia mtungi wa maji yake nisije nikaumwaga.

Shangazi aliponiona alishukuru Mungu kwa sauti, akasifu maji ya Idsowe, na usiku ule akanipaka singo mara mbili ili kufidia siku zilizopotea. Asubuhi naosha uso kwa maji ya mtungi, usiku napakwa. Kabla mtungi haujafika nusu, wageni wangu walikuwa wamerudi na watoto wao.

Nilikaa uani nikalia. Katika kulia kule likanijia swali la mama Komora, kule kwenu unapaka nini. Nilijaribu kulifukuza. Nilihisi ninamsengenya shangazi moyoni mwangu. Lakini neno likishaingia halitoki, na mimi nikaona njia moja tu ya kulijibu bila kumvunjia mtu heshima. Mwezi ulipoandama nilianza. Shangazi akishanipaka na kwenda kulala, niliosha upande wa kushoto wa uso kwa maji ya kisima na sabuni kidogo ya kufulia, nikaufuta taratibu. Upande wa kulia niliuacha kama alivyoupaka. Nilifanya hivyo mpaka mwezi mwingine ukaandama, sikuongeza kitu wala sikupunguza, ingawa mara nyingi mkono uliniwasha kuosha pande zote mbili.

Mwisho wa mwezi nilikuwa na nyuso mbili. Baba alisema ukinitazama kulia unaona msiba, ukinitazama kushoto unaona sikukuu.

Nilimwendea shangazi asubuhi, jua limeingia uani, nikamwomba anitazame kulia kisha kushoto. Alinishika kidevu akanigeuza huku na huku.

"Kushoto kumepoa," akasema. Alifurahi kweli. "Wayua, singo imeanza kushika."

Nikamwambia kushoto hakuna singo. Nimekuwa nikiiosha tangu mwezi ulipoandama.

Mkono wake ulibaki kidevuni mwangu, nikausikia unavyopoa. "Nani alokufunda hayo?"

"Hakuna, shangazi. Uso wenyewe ndio uliosema."

"Basi uambie huo uso ukupikie."

Aliingia ndani. Alinipikia, lakini kwa siku kumi na moja hakusema nami neno lisilohusu chumvi au kuni. Wala hakunipaka singo tena. Siku hizo zilikuwa mbaya kuliko siku za daka. Nilikuwa nimepona nusu uso na nimempoteza mtu aliyenilea, nami nikajiuliza kama biashara ile ina faida. Nilisaga liwa yangu, yeye akasaga yake, na mawe mawili yalisema badala yetu. Baba alipita katikati akitembea kwa ncha za vidole.

Katika siku hizo nilirudi kwa Kanji, maana uso ulikuwa umepoa lakini haukuwa umesafika. Nilingoja juu ya gunia langu. Safari hii sikuomba iliyo nzuri kupita zote. Nilimweleza ugonjwa wangu tangu mwanzo, nilivyopaka na ilivyokuwa, nikamwuliza yeye angefanya nini kama uso ungekuwa wake. Akafikiri. Akaingia ndani akatoka na bonge la jiwe la rangi ya manjano limefungwa kwenye kipande cha gunia, linanuka kama mayai mabovu.

"Kiberiti upele," akasema. "Orma nanunua kwa mbuzi yake. Lakini mimi kijana nilikuwa na uso kama wewe, mama yangu alinipaka hii."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mwaka jana, kabla sijabambuka. Hakuona aibu hata kidogo. Alisema mwaka jana sikuuliza dawa, niliuliza picha.

Nimewaambia wasichana wengi neno hilo la Kanji, na ningetaka uliweke moyoni ukienda dukani. Usinunue picha wala harufu. Mweleze muuza duka shida yako, hata kama baraza imejaa wanaume, na umwulize yeye mwenyewe alitumia nini. Chukua kitu kimoja. Ukichukua vitatu na uso ukaharibika hutajua umlaumu nani, na ukipona hutajua umshukuru nani. Mimi nilisaga kiberiti kidogo, kiasi cha ukucha, nikakikoroga na maji ya mawaridi mpaka kikawa chepesi, nikajaribu kwanza nyuma ya shingo. Hapakuwaka, basi nikawa napaka usoni na kuosha baadaye, siku moja napaka, siku mbili naacha. Mwezi wa kwanza niliona kidogo sana, nikakata tamaa mara nne. Mwezi wa pili baba aliniambia uso wangu umeanza kufanana na wa mama. Na usizitumbue, mwanangu, nakuomba. Alama nilizo nazo mpaka leo zote ni za kucha zangu.

Turudi nyuma kidogo, nilikuwa mwishoni mwa mwezi ule wa kwanza wa kiberiti, shangazi ameshaanza kunisemesha maneno mawili matatu ya nyumbani, lakini habari ya singo haitajwi. Tukaitwa harusini. Bibi arusi alikuwa binti wa mfanyabiashara mkubwa wa mpunga, watu wenye nyumba ya mawe, na harusi hii isingekuwa ya kimya. Tulifika, shangazi akaingia, mimi nikaketi dakani na vikapu kama kawaida. Daka lile lina upepo mzuri.

Nilisikia nyimbo za kuanzia. Nilisikia shangazi anaomba maji. Kisha nyimbo zikakatizwa, na sauti yake ikatoka waziwazi, "Niitieni mwanangu."

Niliinuka nikaingia. Chumba kilijaa wanawake. Bibi arusi amekaa juu ya kigoda, mikono, miguu na tumbo vimesingwa vinang'aa, na uso wake umefunuliwa. Paji la uso na mashavu yote yalikuwa chunusi, tena zile ngumu zisizo na kichwa. Alikuwa ameinamisha macho, na nilijua kila kitu anachokiona pale chini. Shangazi alikuwa amemsimamia na singo mkononi, mkono umesimama hewani.

"Mwili ni wangu," akaniambia mbele ya wote. "Uso ni wako. Fanya uyualo."

Mama wa bibi arusi akaingilia. Hakuwa mkali, alikuwa na hofu, siku ni saba tu. Alimwuliza shangazi kama singo yake siku hizi haifai usoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Neno moja tu la kukubali hapo lingetosha kumaliza jina alilolijenga miaka thelathini, na wanawake wote walikuwa wameacha kutafuna tambuu zao.

Shangazi alijifuta mikono taratibu. "Kwa nyuso nyingi yafaa," akasema. "Kwa uso kama huu haifai, yautia moto. Miye sikuyua. Mwanangu aliyua, akaniambia, nami nalimnunia. Mtazameni alivyo hivi sasa."

Wakanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamwa uso mzima bila leso na nisitake kukimbia. Bado nilikuwa na madoa, bado kidevu kilikuwa na chunusi mbili za ukaidi, na nilizihisi zote mbili zikisimama wima. Mama wa bibi arusi alinisogelea akanitazama karibu sana, kama anayechagua mchele. Kisha akasogea pembeni, akanipisha nipite.

Niliushika uso wa msichana yule. Nilimnong'oneza ukweli, kwamba siku saba hazitoshi, kwamba sitaweza kumwondolea madoa, lakini naweza kuzuia moto. Aliniuliza tu kama itauma. Siku saba niliuosha uso wake asubuhi na jioni, nikaufuta bila kuusugua, siku mbili tu nikampaka kiberiti kidogo, na wanawake wakalalamikia ile harufu mpaka wakatunga wimbo wa kuikejeli, wimbo ambao bado unaimbwa na mimi ndiye ninayetukanwa ndani yake. Alipotolewa, uso ulikuwa umetulia. Chunusi zilikuwepo, mwenye kutaka kuzihesabu angezihesabu. Lakini aliinua macho akacheka na watu, na nilimwona mama yake anajifuta machozi nyuma ya nguzo.

Tulirudi nyumbani jua linapanda, shangazi na kikapu chake, mimi na vyangu viwili. Tulifika penye njia ya mtoni. Hapo akasimama, akanigeuzia uso kwenye mwanga, akanipitishia kidole juu ya alama zilizobaki shavuni, moja baada ya nyingine.

"Miaka mitatu nalikuumiza kwa mikono hii," akasema. "Na wewe wakaa tu, waniletea uso."

Nilimwambia mikono hiyo ndiyo iliyonilisha na kunisuka nywele tangu mama alipofariki, na kwamba sijawahi kuiogopa hata siku moja.

"Ungaliiogopa kidogo," akasema, "ungalipona mapema."

Tulicheka pale njiani mpaka ikabidi tuweke vikapu chini. Kisha kicheko changu kikageuka kilio, cha miaka yote mitatu kwa pamoja, wala sikuona haya. Shangazi akachukua ncha ya leso yake akanifuta machozi, polepole, bila kusugua.